Frateri Akienda Likizo, Baba Aendelee Kusalisha



Sisi tulio seminarini tunaijua vizuri jioni ya kwanza ya likizo. Begi bado liko mlangoni, mama amechinja jogoo aliyemtunza tangu Pasaka, majirani wawili watatu wamekuja kusalimia. Baada ya chakula mtu mmoja, mara nyingi mama mwenyewe, anasema: "Haya, sasa frateri atusalishe." Watu wanainamisha vichwa. Frateri anakohoa kidogo, anaanza. Anasali kwa maneno mazuri aliyoyazoea kikanisani. Analiombea Kanisa, Baba Mtakatifu, askofu wa jimbo, miito mitakatifu na roho za marehemu toharani. Dakika 20 baadaye mtoto mdogo amelala mapajani mwa dada yake, na baba mwenye nyumba amesema neno moja tu usiku ule: "Amina."

Nimefanya hivyo kwa miaka zaidi ya 10, tangu nikiwa seminari ndogo. Naandika makala hii kwa sababu nimeanza kuamini kwamba tendo hilo, ambalo kila aliyepo analiona jema na la heshima, linaidhuru familia. Na ninaposema familia, naanza na ya kwetu.

Nyumbani ni milimani, Umatengo, wilaya ya Mbinga. Wazazi wangu ni wakulima wa kahawa. Baba aliishia darasa la saba, na nilipokuwa mtoto yeye ndiye aliyetusalisha. Si msemaji. Alikaa kwenye kigoda chake akiwa na rozari ambayo punje zake mbili zilikatika akazifidia kwa mafundo ya uzi, na baada ya makumi yote matano aliomba kwa maneno yake mwenyewe, nusu Kiswahili nusu Kimatengo. Aliwataja marehemu wa ukoo kwa majina, mmoja mmoja, nasi watoto tukawajua mababu hao kabla ya kuyajua majina ya Mitume kumi na wawili. Aliomba mvua. Aliwahi kumwombea ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, na sikumbuki mtu yeyote aliyecheka. Mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka alimwambia Mungu mbele yetu sote kwamba hajui ada ya dada italipwaje. Ndivyo tulivyojua kwa nini Krismasi ile hatukushonewa nguo. Na kuna usiku mmoja aliomba Mungu amsamehe kwa maneno makali aliyomwambia mama asubuhi yake. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma yake. Hakusema kitu, ila chai ya kesho yake ilikuwa na sukari ya kutosha.

Baba yangu hakuwa mtu wa kukaa na watoto na kuwaeleza yaliyo moyoni. Wanaume wa rika lake hawakulelewa hivyo. Mahali pekee tulipousikia moyo wake ni pale kwenye kigoda, akizungumza na Mungu huku sisi tukisikia.

Kisha mimi nikaenda seminari. Nilipokuwa kidato cha tatu, likizo ya Juni, ilikuwa siku ya Alhamisi, baba akatangaza Matendo ya Furaha. Ndivyo alivyofundishwa na katekista wa kigango chetu alipokuwa mtoto: Jumatatu na Alhamisi ni Furaha. Nikamkatiza. Nikasema, "Baba, siku hizi Alhamisi ni Matendo ya Mwanga." Nilisema mbele ya mama, wadogo zangu na shangazi aliyekuja kututembelea. Baba alinyamaza kidogo, akaninyoshea ile rozari yenye mafundo, akasema, "Basi endelea wewe uliyesoma." Nikaendelea, tena kwa furaha. Nilidhani nimelisaidia Kanisa.

Tangu siku ile, nikiwapo nyumbani, sala ni yangu. Nisipokuwapo, hakuna sala. Hilo la pili sikulijua mpaka likizo ya mwaka juzi, pale mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la tano, aliponisindikiza kupanda gari akaniuliza: "Kaka, utarudi lini tusali tena?" Nilidhani anatania. Nilipompigia mama simu kumuuliza, alijibu bila kujificha: "Mwanangu, tunachoka. Na baba yako anasema hajui maneno yenu."

Maneno yenu. Nimeyabeba maneno hayo mawili mpaka darasani.

Kwa miaka mingi nilidhani angalau kuhusu Alhamisi nilikuwa sahihi. Mwaka jana nikiwa maktaba niliisoma barua ya kitume ya Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili kuhusu Rozari, Rosarium Virginis Mariae, ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile iliyotuletea Matendo ya Mwanga. Namba 19 inasema wazi kwamba nyongeza hiyo imeachwa kwenye uhuru wa waamini na jumuiya zao. Namba 38, baada ya kupanga matendo kwa siku za juma, inaeleza tena kwamba mpango huo haukusudii kuuzuia uhuru halali wa watu katika sala. Kwa hiyo baba hakuwa amekosea chochote. Papa aliyeyaleta Matendo ya Mwanga alimwachia nafasi ambayo mtoto wa kidato cha tatu alimnyima.

Tunapenda kusema kwamba familia ni Kanisa la nyumbani. Tunaimba, tunahubiri, tunachapa kwenye vitenge vya jubilei. Chanzo cha usemi huo kwa nyakati zetu ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 11. Lakini tusome sentensi yote. Mtaguso haukuishia kuipa familia jina zuri, uliwapa wazazi kazi: wao, kwa neno na kwa mfano wao, ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Wa kwanza kabla ya katekista na kabla ya paroko, na hakika kabla ya mtoto wao aliyeko seminarini.

Liturujia nayo inatuonyesha hivyo, ingawa tunapita haraka. Mtoto anapoletwa kubatizwa, padre anamwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha anawaalika wazazi na wasimamizi nao wafanye vivyo hivyo. Mshumaa ukiwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, anayekabidhiwa kuutunza mwanga huo ni wazazi na wasimamizi. Nimehudumu ubatizo mara nyingi, na mara nyingi nimeona baba akigusa paji la mtoto kwa woga, kana kwamba ameshika kitu cha sakristia bila ruhusa. Ningependa tumwambie baba huyo kwamba kidole kile anaweza kwenda nacho nyumbani. Anaweza kumwekea mtoto msalaba kila usiku kabla hajalala. Haihitaji kitabu wala maji ya baraka, na mtoto aliyezoea hivyo hawezi kulala baba akisahau.

Sasa imetokeaje wazazi wengi wakaacha? Jibu la haraka ni simu na televisheni. Semina nyingi za ndoa nilizohudhuria zinaanzia hapo na kuishia hapo. Sikatai kwamba simu inakula jioni zetu. Lakini nyumbani kwetu sala ilikufa kabla hatujanunua simu ya kupangusa. Ilikufa kwa sababu wazazi walifikishwa mahali pa kuamini kwamba sala ina wataalamu.

Angalia tunavyofanya. Mtoto anapelekwa shule ya bweni ya masista, na mzazi anasema kwa kujivuna, "Nimempeleka akafundishwe sala." Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ni ya katekista, na mzazi anaulizwa tu kama amelipia cheti. Kipaimara hivyo hivyo. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970 ili Kanisa liingie majumbani, sehemu nyingi zimekuwa za akina mama na watoto. Akina baba wanatuma mchango. Tunasali Jumamosi alfajiri nyumbani kwa jirani, tunasoma Injili ya Dominika, katibu anasoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi, kisha kila mtu anarudi nyumbani akiamini kwamba amesali kwa niaba ya wote waliobaki kitandani. Sizibezi Jumuiya. Mimi mwenyewe ni tunda lake, na ada yangu ya seminari ndogo wana jumuiya waliichangia. Ila Jumuiya ilikusudiwa kuziunganisha nyumba zinazosali. Haiwezi kuwa badala ya nyumba hizo.

Katika somo la maadili ya jamii tunafundishwa kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno, akiwa anazungumzia dola na uchumi: ni kosa kwa chombo kikubwa kukinyang'anya chombo kidogo kazi ambayo hicho kidogo kinaiweza. Kikubwa kimsaidie kidogo, kisimmeze. Tunaitumia kanuni hiyo kuikosoa serikali na tunapata alama nzuri kwenye mtihani. Sijawahi kusikia mtu akiitumia kuikosoa parokia, au frateri aliyekaa kwenye kiti cha baba yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana wazo ambalo lilinigusa zaidi ya hilo la Papa Pius. Katika Summa Theologiae (sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 10, kifungu cha 12) anajadili kama ni halali kuwabatiza watoto wa Wayahudi bila ridhaa ya wazazi wao. Anajibu hapana. Anasema mtoto kabla ya kupata matumizi ya akili yumo chini ya uangalizi wa wazazi kama aliye ndani ya tumbo fulani la kiroho, na kumtoa humo ni kinyume cha haki ya maumbile. Fikiri ni mtu wa namna gani anayesema hivyo. Ni mtawa wa karne ya 13 ambaye hana shaka kwamba ubatizo unahitajika kwa wokovu, na bado anakataa Kanisa lisiruke kichwa cha mzazi, hata mzazi asiye Mkristo. Kama Tomaso aliwaheshimu kiasi hicho wazazi wasiobatizwa, sisi tunampitaje baba aliyebatizwa, aliyefunga ndoa kanisani, aliyeuza kahawa kutusomesha, kwa sababu tu ametaja Matendo ya Furaha siku ya Alhamisi?

Hapa naomba nieleweke. Ninaposema baba, nasema kwa sababu ya nyumba yetu. Nyumba hazifanani. Kuna nyumba ambayo mama yuko peke yake, na nyumba ambayo bibi analea wajukuu sita wa watoto wake waliofariki au walioko mjini. Kuna ndoa mseto, ambako mmoja ni Mkatoliki na mwenzake ni Mlutheri au Mwislamu. Kuna nyumba ambayo baba akirudi usiku harudi katika hali ya kusalisha mtu. Hoja yangu haimhusu mwanamume, inamhusu mwenye nyumba, yule ambaye watoto wanamtazama. Timotheo alikuwa mtoto wa ndoa mseto: Matendo ya Mitume 16:1 inatuambia mama yake alikuwa Myahudi mwamini na baba yake Mgiriki. Na Paulo anapotaka kumkumbusha Timotheo imani yake ilianzia wapi, anaitaja ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2Tim 1:5). Hataji sinagogi wala mwalimu, anataja wanawake wawili wa nyumbani.

Kuna pingamizi jingine ambalo wenzangu wameniambia, tena kwa nguvu: wazazi wengine hawajui imani, watafundisha makosa. Ni kweli wapo. Nimemsikia mzee mmoja akiomba kwa jina la Baba, la Mwana na la Bikira Maria. Lakini makosa ya mafundisho yana wakati wake wa kurekebishwa na namna yake. Unaweza kumwendea mzee kesho yake mkiwa shambani, au umpelekee Katekisimu mkasome pamoja ukurasa mmoja. Kumkatiza mtu akiwa anasali mbele ya watoto wake hakurekebishi kosa, kunamnyamazisha. Mtu mzima aliyenyamazishwa mara moja haombi nafasi ya pili. Na zaidi ya hapo, tunaposema mzazi hajui, tunamaanisha hajui nini? Yohane Paulo wa Pili katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, namba 59, anasema sala ya familia ina kiini chake cha pekee, nacho ni maisha yenyewe ya familia, kuanzia kuzaliwa kwa mtoto mpaka kifo cha mpendwa, pamoja na safari za kuondoka na kurudi na maamuzi mazito yaliyo kati ya hayo. Ukisoma namba hiyo utaona kwamba kwa mambo hayo mtaalamu ni mwenye nyumba. Mimi nikisalisha nyumbani naombea miito. Sijui ng'ombe yupi anaumwa. Sijui nani hajasalimiana na nani tangu juzi. Naombea familia kama mgeni anavyoombea, kwa ujumla.

Ndiyo maana siamini kwamba sala nyumbani ni kitu kimoja na ukaribu wa familia ni kitu kingine, viwili vya kuandaliwa semina mbili. Kwetu vilikuwa kimoja, na vilipotea pamoja. Baba alipoacha kusalisha hatukupoteza Rozari tu, tulipoteza habari zake. Tangu niingie seminari kuu hata jina langu ameliacha, ananiita "Frateri" kama wanavyoniita watu sokoni. Ananipa kiti. Ananiuliza habari za masomo kwa Kiswahili sanifu. Mzazi anapomwita mwanawe kwa cheo, wengine wanaona ni heshima. Mimi naona ni umbali.

Wazee wa Umatengo wanasimulia juu ya sengu. Zamani nyumba za ukoo mmoja hazikula kila moja kivyake. Chakula kililetwa mahali pamoja, mzee akiwa katikati, na hapo hapo vijana walifundishwa, migogoro ilisuluhishwa, na kazi za kesho zilipangwa. Sengu lilikuwa jina la kusanyiko hilo. Halikuwa la Kikristo, na sitaki kulipaka rangi nzuri kupita kiasi, maana wanawake hawakuwa na nafasi kubwa ya kusema pale. Lakini wamisionari walipokuja milima hii walikuta watu ambao tayari walijua kwamba kula, kufundishwa na kupatanishwa ni mambo ya mkeka mmoja. Aristotle naye, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anakumbusha msemo wa Wagiriki kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wamekula chumvi pamoja. Nilipousoma nilicheka, kwa sababu sisi tukisema mtu amekula chumvi nyingi tunamaanisha ameishi miaka mingi. Labda ni jambo lile lile: miaka inayomfanya mtu kuwa mzee ndiyo ile aliyokula na wengine.

Basi likizo iliyopita nilijaribu kurudisha nilichochukua. Sikufanikiwa haraka, na nasimulia hivi bila kuficha kwa sababu kuna frateri atakayesoma na kudhani ni kazi ya usiku mmoja. Jioni ya kwanza mama aliposema "frateri atusalishe," nikasema, "Leo baba atusalishe." Kimya. Baba akatazama chini, akasema amechoka, akaenda kulala. Mama alinikasirikia kidogo, nami nikaona alivyo na haki: nilimtaja baba mbele ya watu kama nilivyomkatiza mbele ya watu. Jioni ya pili nilisalisha mimi. Ya tatu pia. Ya nne nilimwomba radhi, tukiwa wawili tu, tukipanga magunia. Nilimweleza habari ya Alhamisi na ya ile barua ya Papa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakumbuki jambo hilo. Siamini kwamba hakumbuki.

Ilikuwa msimu wa kuchuma. Wanaolima kahawa wanajua: mbivu iliyochumwa leo lazima imenywe leo, la sivyo inaharibika ubora. Kwa hiyo kuanzia saa moja jioni familia nzima iko uani kwenye mashine ya mkono. Mmoja anazungusha, mwingine anamimina kahawa juu, mama anatoa maganda, mtoto anamulika taa. Saa mbili, wakati mwingine saa tatu. Miaka yote nilikuwa nawasubiri wamalize, waoge, waje sebuleni tusali, na kufika huko wote walikuwa wamekwisha. Nilikuwa nimeleta ratiba ya kikanisa kwenye nyumba yenye ratiba ya kahawa.

Usiku mmoja beseni la mwisho lilipoisha, baba alivua kofia. Hakutangaza chochote. Alifanya ishara ya msalaba mikono ikiwa bado na utelezi wa kahawa, akasali Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe. Kisha akaomba. Alimshukuru Mungu kwa mavuno. Alimtaja mama yake mzazi aliyefariki. Halafu akamtaja kaka yangu mkubwa, kwa jina lake la utotoni. Kaka yuko Songea, anaendesha bodaboda. Waligombana na baba kwa ajili ya shamba, na ulikuwa mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Kwa miaka hiyo mitatu nilisalisha nyumba ile kila likizo na sikumtaja kaka hata mara moja, kwa sababu sikutaka kuharibu sala. Baba alisema tu, "Mlinde huko barabarani." Mtoto aliyeshika taa alikuwa analia, na taa ilikuwa inatikisika. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipoingia ndani.

Sisemi kaka amerudi. Hajarudi. Dada alimpigia simu usiku ule ule na hakupokea, kesho yake akapiga mwenyewe akazungumza na mama.

Kwa wenzangu maferateri, sisemi tunyamaze kama mabubu tukiwa likizo. Kuna mengi tunayoweza: kusoma Injili kwa sauti pale anapoombwa mwenye macho mazuri, kujibu swali la mtoto, kumpeleka bibi Misani, kuchuma kahawa kama wengine. Lakini kiti cha kusalisha tukiachie wenyewe, hata kama sala itakuwa fupi au itayumba. Ninyi mnaotumwa parokiani kwa mazoezi ya kichungaji, mkitembelea nyumba za waamini, mwombeni mwenye nyumba aanze, ninyi mumalizie. Mapadre wetu nao, kwa heshima zote, wanapokuja kubariki nyumba na kukuta familia imesimama mstari kama shuleni, wangeweza kumuuliza baba au mama: "Hapa kwenu huwa mnasalije?" Swali hilo linaweza kuleta aibu kidogo. Aibu hiyo ina faida, maana inawaambia watoto kwamba padre anatarajia wazazi wao wawe wanasali.

Na kwa wazazi mnaosoma: maneno mnayo. Hayati Papa Fransisko katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 318, anasema dakika chache kila siku zinatosha kukaa pamoja mbele ya Bwana na kumweleza yanayowasumbua. Dakika chache tu. Kama jioni mnachoka, asubuhi kabla watoto hawajaenda shule inafaa. Kama mko kwenye daladala na mtoto, inafaa pia. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi azungumze na watoto wake habari za Mungu hata awapo njiani. Ombeni kwa lugha mnayogombania na mnayobembelezea. Mkiwa na deni, mtajeni Mungu mbele ya watoto kwa kiasi wanachoweza kubeba. Mkikoseana, msameheane hapo hapo.

Nimerudi seminarini tangu mwezi Septemba. Hapa kengele inalia, tunaamka, tunasali Masifu ya Asubuhi, na hakuna anayetegemea mimi nisipojisikia. Kwa nyumbani sina kengele ya kupiga. Wiki mbili zilizopita mama alinitumia ujumbe kwa simu ya jirani, maana yake imeharibika. Aliandika habari za mvua, habari za mbolea, na kwamba mdogo wangu amefaulu majaribio ya hisabati. Mwishoni ameongeza: "Jana baba yako alitusalisha, ilikuwa Matendo ya Furaha." Nikatazama tarehe. Jana yake ilikuwa Alhamisi.